Mihrabu na utupu wake

Kila niingiapo msikitini mapema, kabla ya adhana, macho yangu hutangulia mbele hadi kwenye mihrabu, na kila mara hukuta hamna kitu. Hamna sanamu wala picha; pana upinde tu uliozama ukutani, na ndani yake kivuli. Nimelitafakari hili kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba utupu ule ndio kiini cha jengo zima, kwa kuwa mihrabu haikuwekwa ili ihifadhi kitu kitukufu, bali ituonyeshe upande wa kuelekea.

Msikiti ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, aliujenga Madina mwaka 622 ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo zake vigogo vya mitende na paa lake makuti. Mihrabu ya kuingia ukutani haikuwapo. Ililetwa ulipojengwa upya zama za Khalifa al-Walid, mwanzoni mwa karne ya 8. Kibla, hata hivyo, kilikuwapo tangu mwanzo: kwanza Baitul Maqdis (Yerusalemu), kisha, katika mwaka wa pili wa Hijra, Al-Kaaba. Mwelekeo ulitangulia, jengo likafuata.

Ndiyo maana misikiti miwili isiyofanana hata kidogo yaweza kuwa na nia moja. Ule wa Córdoba, Uhispania, ambao leo ni kanisa kuu, ni msitu wa mamia ya nguzo zilizobeba matao ya rangi nyekundu na nyeupe, tao juu ya tao, hata jicho lisijue ukumbi unaishia wapi. Selimiye, kule Edirne, Uturuki, ambao msanifu majengo Mimar Sinan aliujenga kati ya 1568 na 1575, una kuba moja lenye kipenyo cha zaidi ya mita 31, lililobebwa na nguzo 8 zilizosogezwa kando kuelekea kutani. Moyo wangu uko Selimiye. Wanazuoni wengi wamechukia safu za wanaoswali kukatwa na nguzo, na Sinan aliinua uzito wote ule juu ili chini watu wasimame bega kwa bega pasipo kizuizi.

Hata hivyo Córdoba ina mihrabu ambayo sijui mfano wake. Si kishubaka bali ni chumba kidogo chenye pembe nane. Mlango wake umezungukwa na maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, na vipande vya kioo vya rangi ya dhahabu, na dari yake imechongwa kwa umbo la kombe la bahari. Fahari yote hiyo inakuongoza hadi ndani, na ndani hamna kitu. (Aya ya Nuru, inayoifananisha nuru ya Mwenyezi Mungu na taa iliyomo katika shubaka, huandikwa mara nyingi misikitini, nami siwezi kuisoma bila kukiwaza chumba kile.)

Mihrabu ina kazi ya sikio pia: imamu husoma akiwa ametupa mgongo, na ule mviringo wa ukuta huirudisha sauti yake kwa maamuma waliomo nyuma.

Mtume alisema kwamba ardhi yote imefanywa kwake mahali pa kusujudia. Basi sehemu ya mihrabu haina utukufu kuliko zulia la safu ya mwisho. Kabla ya takbira imamu hutugeukia, akatutaka tusawazishe safu na kuziba mapengo. Kisha naye hutupa mgongo, akatazama kule kule tunakotazama sisi.