Siku niliyogoma kuandika muhtasari wa ukoo

Baba alifariki mi ndo nimemaliza fomu foo nasubiri matokeo, niko tu nyumbani Muleba, mkoa wa Kagera, na we unajua binti anayesubiri matokeo anatumwa na kila mtu, maji yeye, kuni yeye, barua za watu kuandika yeye. Sasa siku ukoo ulipokaa baada ya matanga baba mkubwa akaniita, njoo na daftari na peni, we mwandiko wako mzuri utatuandikia muhtasari. Muhtasari wa kikao cha ukoo ndo karatasi mnayoenda nayo mahakama ya mwanzo ili mtu ateuliwe msimamizi wa mirathi, ukienda mikono mitupu karani anakurudisha. Basi nikakaa mkekani karibu na mlango, wazee wako kwenye viti, mama na mashangazi wako jikoni wanamenya ndizi za kuwapikia hao hao wanaowajadili.

Kwa wasiojua mambo ya Uhayani, kibanja sio shamba tu. Migomba na mibuni imechanganyika, nyumba iko katikati, na makaburi yako humohumo, baba mwenyewe tulikuwa tumemzika nyuma ya nyumba udongo bado mbichi. Ndo maana wazee hawataki kabisa kibanja kitoke nje ya ukoo, na binti kwao ni mtu wa kuondoka, ataolewa, watoto wake watakuwa wa ukoo mwingine. Na hawakuwa wanajitungia, sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinasema mtoto wa kiume wa kwanza ndo mrithi wa daraja la kwanza, mabinti daraja la tatu, ardhi ya ukoo binti anaitumia tu akiwa hai, kuuza hawezi. Mjane mwenye watoto ndo kabisa, fungu lake ni kutunzwa na wanawe kama yeye alivyowatunza, basi.

Sisi tulikuwa mabinti watupu na kale kamdogo ketu ka kiume kako darasa la tatu. Maamuzi yalitoka haraka mno, nadhani yalishapikwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, usiku wa jana yake. Kibanja kiwe chini ya baba mkubwa mpaka kijana akue, kipande cha chini chenye mibuni apewe mtoto wake baba mkubwa "akitunze", mama akae kwenye nyumba ilimradi asiolewe tena. Jamani ile mibuni ya chini aliipanda mama, na hela ya kahawa ya pale ndo iliyonilipia ada.

Na mi kichwani nina kitu kinanisumbua, maana mwalimu wetu wa uraia alishatusimulia kesi ya hapahapa kwetu, ilianzia mahakama ya mwanzo Kashasha. Bibi mmoja, Holaria Pastory, baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia, akaja kuliuza laki tatu kwa mtu asiye wa ukoo, ndugu yake akaenda kushtaki kwamba mwanamke haruhusiwi. Ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na katiba, mwanamke ana haki sawa na mwanaume kwenye ardhi ya ukoo. Darasani niliandika, nikapata maksi, yakaisha. Sikujua ipo siku nitaihitaji.

Baba mkubwa alikuwa anatafuna kahawa. Akatema ganda, akasema andika, "wajumbe wote kwa kauli moja wamekubaliana". Nikaandika "wajumbe". Mkono ukagoma hapo. Najua mtu anasimulia hivi utadhani nilikuwa jasiri, hamna, mkono ulikuwa unatetemeka na jasho limelowesha daftari, nikasema, "Baba mkubwa samahani, hii siwezi kuandika. Mama hajaulizwa."

"Mwandishi haongei, anaandika."

"Basi aandike mwingine. Ila mama hasaini na mi nikiulizwa mahakamani nitasema hakuulizwa." Halafu nikamtaja na Jaji Mwalusanya, tena kwa kujiamini kama vile namjua ni jirani yetu. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, mzee mmoja akacheka kabisa, mwingine akasema ndo faida ya kusomesha wanawake hii. Baba mkubwa akaninyang'anya daftari.

Aliyeniokoa ni shangazi. Alitoka jikoni na kisu mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, hakukaa, akamwambia kaka yake kwa Kihaya kwamba ile mibuni inajulikana nani kaipanda na kama anabisha aende akaulizie majirani. Yeye dada mtu, wangemfanya nini? Kikao kikavunjika palepale, chakula wakala nusu. Na usiku mama hakunisifu wala nini, alinigombeza, eti ningesubiri watu wale chakula kwanza ndo niseme.

Kikao cha pili mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mama akaulizwa, akaongea kidogo sana lakini akaongea, mahakamani likaenda jina lake kama msimamizi. Baba mkubwa aliacha kuitikia salamu yangu kwa miaka. Harusini kwangu alikuja, akala, akaondoka bila kunipa mkono, na sikumlaumu, kwa alivyolelewa yeye mi ndo nilivunja adabu.

Kibanja sasa kina hati ya kimila, majina yetu yote yamo, la mama la kwanza. Yule mtoto wa baba mkubwa mpaka leo anavuka mpaka anakata mkungu mmojammoja akidhani hatuoni, mdogo wangu anataka waende baraza la kata, mi nimemwambia aende tu, muhtasari nitamsaidia kuandika.