Mikorosho ya baba imechipua

Jamani leo nimetoka shamba huku Newala na bado mwili unanisisimka.

Wanaonijua wanajua mwaka jana ulivyotupiga. Baba alifariki, halafu hata arobaini haijaisha moto kichaa ukatokea porini kwa watu wa kuwinda ukaingia shambani, ukala mikorosho yote ya upande wa chini, ile aliyoipanda yeye mwenyewe. Msimu ukafika wenzetu wanapeleka korosho kuuza chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, sisi hatuna hata gunia la kupima. Ada za wadogo zangu shida tupu. Nilikata tamaa kabisa, hata kuswali naswali midomo tu.

Mama kila nikimpigia ananiambia "mwanangu, Mungu hajalala".

Sasa leo kanishika mkono kanipeleka mpaka kwenye visiki.

Vimechipua!

Juu gome jeusi bado linaacha masizi ukiligusa, chini karibu na ardhi machipukizi, vile vijani vyekunduvyekundu laini. Mama anavigusa kimoja kimoja, Alhamdulillah, Alhamdulillah, wala hajui mimi nalia nyuma yake.

Baba harudi, najua, na kuvuna hapo bado sana. Ila aliyeotesha kitu kwenye kile kisiki naamini na sisi atatuinua, ada itapatikana na nyumba itachangamka tena inshallah.

Nyie mliopoteza vitu mkabaki mikono mitupu, Mungu aliwainuaje? Na wazoefu wa kufufua mikorosho, kisiki kimoja naacha machipukizi mangapi? Niandikieni hapo chini nimsomee mama.