Dawa ya wazee kwa mtoto wa miaka minne

Kila nikiuliza kuhusu dawa za mwanangu, najibiwa kuhusu ndoa yangu. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa maandishi, nimeuliza wakili akiwa amekaa pembeni, na kila mara naonekana nimekuja kufufua kesi ya talaka. Naandika kwa sababu najua tuko wengi huku Minnesota, Marekani, Wakenya kwa Watanzania, tulioachana ughaibuni na watoto wetu wanazunguka na begi kati ya nyumba mbili. Na begi la wengine, nimekuja kujua, lina chupa za vidonge ndani.

Mwanangu nitamwita Babu. Ndivyo tunavyomwita nyumbani, maana amerithi jina la marehemu baba yangu, na kwetu Likoni, Mombasa, jina la mzee haliitwi hovyo kumgombeza mtoto.

Mimi ni muuguzi, zamu ya usiku, katika nyumba ya wazee. Nasukuma kigari cha dawa kwenye korido kuanzia saa nne usiku. Kwa sababu ya zamu hizo, tulipoachana tulipatana Babu alale kwa babake siku za shule, kwangu aje wikendi na likizo. Kwa hiyo mwalimu akiwa na neno, simu humwendea babake. Na maneno hayakukauka: Babu kapanda meza, Babu kamsukuma mwenzake, Babu hataki kulala mchana wenziwe wakilala. Babake ni dereva wa lori. Akiitwa kumchukua mtoto saa nne asubuhi, malipo ya siku ile yamekwenda. Mtu aliyechoka namna hiyo ukimwambia kuna dawa, atasema lete.

Ya kwanza ilikuwa methilfenideti, dawa ya watoto wasiotulia, ile ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Babu alikuwa na miaka 4. Darasani alitulia kidogo, hilo sibishi. Lakini chakula cha mchana kikawa kinarudi kwenye kikebe kama kilivyotoka, na usingizi ukawa haumshiki mpaka saa sita. Ikaongezwa klonidini, ambayo kwa asili ni dawa ya presha, ili alale. Kisha jioni, ile ya asubuhi ikimwishia mwilini, akaanza kulia na kurusha vitu. Ikaongezwa ya tatu.

Hiyo ya tatu niliikuta Ijumaa moja nikitoa nguo zake chafu kwenye begi. Risperidoni, miligramu 0.25, jina lake limechapwa kwenye lebo na tarehe yake ya kuzaliwa chini. Nilisoma ile tarehe mara mbili. Dawa hiyo naijua vizuri, naigawa kazini. Lebo za kazini huwa na watu waliozaliwa kabla ya vita vya Vietnam.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Kazini, kabla mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hajapewa risperidoni, tunatoka jasho. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeiwekea onyo lake kali kuliko yote, lile la kisanduku cheusi, kwa sababu dawa za kundi hilo, zile za magonjwa makali ya akili, huongeza vifo kwa wazee wa aina hiyo. Sheria ya shirikisho inataka iandikwe sababu hasa ya kuitoa, mfamasia apitie dawa za kila mkaazi kila mwezi, na ijaribiwe kupunguzwa dozi polepole kama hakuna sababu ya kitabibu ya kutofanya hivyo. Tunapima uzito, tunapima sukari, tunamkagua mzee kama midomo au vidole vinachezacheza bila yeye kutaka. Wakaguzi wakija, faili hizo ndizo wanazoanza nazo.

Sasa mimi niliyezoea hayo nikauliza: Babu alipimwa sukari? Uzito wake wa kuanzia ni upi? Dawa hii ni ya tatizo gani, na itakoma lini? Niliuliza kupitia ile programu ya simu ambayo mahakama ilituagiza tuandikiane humo, kwa adabu zote, salamu mbele. Jibu la babake: "Ulivyokuwa unataka kunitawala nyumbani ndivyo unavyotaka kunitawala sasa." Kliniki nayo ikaniambia mzazi aliyemleta mtoto ameshakubali.

Niseme wazi, maana najua kuna watakaosoma hapa wakafurahi wakidhani nawapinga madaktari. Siwapingi. Kumwandikia mtoto dawa nje ya umri au ugonjwa ulioidhinishwa si uvunjaji wa sheria, madaktari wa watoto hufanya hivyo kila siku na mara nyingi wana sababu nzuri. Ila kuna mwongozo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 4 au 5 mwenye ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kuzingatia, aanziwe na mafunzo ya wazazi, jinsi ya kuishi naye na kumwongoza, na methilfenideti ifikiriwe pale tu mafunzo hayo yasipoleta nafuu na shida ikiwa bado kubwa. Lebo ya dawa yenyewe huanzia miaka 6. Na risperidoni, kwa watoto wadogo, FDA iliidhinisha mwaka 2006 kwa ajili ya hasira kali za watoto wenye usonji (autism) kuanzia miaka 5. Babu hana usonji wala hajawahi kuambiwa anao. Na wakati huo miaka 5 hajaifikisha.

Kuna utafiti uliogharamiwa na serikali ya hapa Marekani, matokeo yake yakatoka mwaka 2006, uliowafuatilia watoto wa chekechea wenye ADHD kali. Wazazi walipitishwa kwanza kwenye mafunzo, kisha ndipo dawa. Ilisaidia, lakini kwa kiwango kidogo kuliko kwa watoto wakubwa, na karibu mmoja katika kila 10 aliacha kwa sababu ya madhara. Wale walioendelea walikua polepole kuliko ilivyotarajiwa. Nilimchapishia babake karatasi hizo. Hakuzisoma, na kusema kweli, mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuendesha lori sijui angezisoma saa ngapi.

Mama yangu kule Likoni aliposikia alicheka kwenye WhatsApp. "We ulipanda mkorosho wa watu ukavunjika mkono, nani alikupa tembe?" Shangazi yangu akaongeza kwamba mtoto asomewe. Nawapenda, ila hawakusaidia. Mkorosho ulikuwa uani, na uani kulikuwa na mama, bibi, shangazi wawili na jirani mwenye sauti ya spika. Babu ana nyumba ya ghorofa ya tatu na miezi mitano ya theluji.

Wakili alinipa somo moja lenye thamani ya pesa zangu. Katika Minnesota, ulezi wa kisheria ni haki ya kuamua malezi ya mtoto: elimu, tiba, dini. Kama hukumu yenu inasema ulezi huo ni wa pamoja, kama yetu inavyosema, basi tiba ni ya wote wawili. Na kila mzazi ana haki ya kupata nakala za faili la hospitali na la shule, hata kama mtoto halali kwake siku za shule. Mkishindwa kupatana mnaenda kwa msuluhishi, kisha kwa jaji. Jaji hasomi dozi. Anachoweza ni kumpa mmoja wenu neno la mwisho. Na mzazi aliyeacha kumpa mtoto dawa kimyakimya wikendi ndiye atakayeonekana mbaya siku hiyo.

Hilo la wikendi nalisisitiza kama muuguzi, si kama mtalaka. Klonidini ukiikata ghafla presha inaweza kuruka. Risperidoni nayo haikatwi ghafla bila daktari. Nimewasikia kina mama wenzangu wakijisifu, "Kwangu hanywi." Mwenzangu, mtoto anayekunywa siku tano na kukosa siku mbili kila wiki ndiye anayeumia kwenye vita vyenu. Mimi nilimpa zote tatu, saa ileile, nikaandika daftarini, huku nikiendelea kuuliza. Na jambo dogo la msaada: mwombeni mfamasia chupa mbili zenye lebo, moja kila nyumba. Kwa methilfenideti wanakuwa wakali, maana iko kwenye kundi la dawa zinazodhibitiwa sana na haina kujaziwa tena kwa karatasi ileile, lakini kugawa chupa wengi hukubali.

Faili lilipokuja nilikaa nalo jikoni baada ya zamu. Fomu iliyotumiwa kumpima ilikuwa ile ya maswali ambayo unajibu kwa namba kuanzia 0, kamwe, hadi 3, mara nyingi sana. Ilikuwa na sehemu ya mzazi na sehemu ya mwalimu. Ya mzazi aliijaza babake, kila mstari namba 3, kalamu imekandamizwa mpaka upande wa pili wa karatasi. Fomu hiyo imetungwa kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Swali la kama mtoto hukaa mpaka amalize kazi yake ya shule, unalijibuje kwa mtoto ambaye bado anajifunza kushika penseli? Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba anakoroma. Babu hukoroma mpaka nasikia chumbani kwangu, na mtoto asiyelala vizuri mchana wake huwa ni fujo.

Halafu kuna mwezi wa kuzaliwa. Babu ni wa mwezi wa 8, na shule za hapa hukata tarehe 1 Septemba, kwa hiyo darasani yeye ndiye mdogo wa wote. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa majimbo yenye tarehe hiyohiyo: watoto wa Agosti waliopewa jina la ADHD walikuwa 85 katika kila 10,000, wa Septemba 64. Mwaka mzima wa kukua, pengine ndio uliokuwa unaitwa ugonjwa.

Nilibadilisha namna ya kuuliza. Badala ya kumwandikia babake "kwa nini", nilimwandikia daktari barua moja, nakala kwa babake, maswali manne yaleyale ambayo kazini huulizwa juu ya mzee yeyote. Hakuna neno "baba" wala "mama" ndani yake. Daktari alituita wote wawili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dakika 15 kwa kila mtoto. Alikubali kuanza kuipunguza risperidoni, akaagiza vipimo vya damu, akatuelekeza kwa daktari wa masikio, pua na koo, na akatuandikia tiba ya mzazi na mtoto, ile inayoitwa PCIT kwa kifupi, iliyobuniwa na Sheila Eyberg miaka ya 1970 kwa watoto wa miaka 2 hadi 7.

Jamani, ile tiba. Unaingizwa kwenye chumba kidogo na mtoto na matofali ya kuchezea. Mtaalamu yuko nyuma ya kioo, anakuona humwoni, na wewe una kifaa sikioni. Masharti ya kuanzia: usimwamrishe, usimuulize swali, usimkosoe. Mama wa Kimombasa ukimnyima amri, swali na kashfa, atasema nini? Nikabaki bubu. Sauti sikioni ikanihimiza niseme tu anachokifanya. Nikasema, "Unapanga matofali mekundu juu ya ya buluu." Kimya. Kisha mtaalamu, kwa aibu, akaniuliza nimesema nini, maana nilisema kwa Kiswahili, ndiyo lugha ninayomsemesha Babu. Babu mwenyewe akanitazama kama niliyepandwa na kitu. Akarudia: "Mama, unaona mekundu?" Baada ya muda yule mtaalamu alijifunza "vizuri sana," akawa ananirudishia sikioni kwa lafudhi yake.

Babake alikataa mwanzoni, akasema hana likizo. Sikumsukuma. Wikendi moja Babu akaniambia, mdomo umejaa chapati, "Baba naye anawekwa kitu sikioni." Hivyo ndivyo nilivyojua ameanza.

Risperidoni imekwisha, polepole, na klonidini imefuata. Methilfenideti imebaki, dozi ndogo, asubuhi za shule, na safari hii nimeikubali mimi mwenyewe, kwa sababu niliona daftari la mwalimu kabla na baada. Kipimo cha usingizi bado tunangoja nafasi.

Kinachotugombanisha sasa ni Likoni. Nataka kumpeleka Babu akamwone bibi yake likizo ya shule. Pasipoti ya Marekani ya mtoto wa umri wake inahitaji ridhaa ya wazazi wote wawili, na babake ametia saini, namshukuru. Lakini anataka Babu ameze dawa kila siku hata huko, na mimi nataka tumuulize daktari kama anaweza kupumzika wiki ambazo hakuna darasa. Akiendelea, itabidi nisafiri na chupa yenyewe yenye lebo na barua ya daktari, maana dawa hiyo iko kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazodhibitiwa. Babake ameshaandika kwenye programu kwamba natumia safari kumwachisha mtoto dawa. Nimemjibu kwa mstari mmoja: miadi ya daktari ni Alhamisi saa tatu, njoo na maswali yako.