Sauti safi ya amplifaya ya valvu huishia wapi?

Mpiga gitaa anayelalamika kwamba amplifaya yake ya valvu (taa za kioo zinazokuza mawimbi ya umeme) inapasua sauti, yaani inaikwaruza, mapema mno hushauriwa mara nyingi anunue yenye wati nyingi zaidi. Mimi siuafiki ushauri huo kama dawa ya kwanza, kwa kuwa kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu huhitajika takriban mara 10 ya nguvu ya awali. Spika yenye kiwango cha desibeli 100 kwa wati moja, badala ya 97, huleta faida ileile bila saketi kuguswa.

Kwanza ijulikane sauti inapasukia wapi. Katika valvu ya 12AX7, iliyozoeleka kwenye hatua za mwanzo za ukuzaji, gridi (wavu unaodhibiti mkondo) huwa hasi kwa volti moja na nusu hivi ikilinganishwa na kathodi (sehemu inayotoa elektroni). Wimbi likipanda hadi kuifuta tofauti hiyo, gridi huanza kupitisha mkondo na kilele cha wimbi hubonyea. Likishuka kupita kiasi, mkondo wa anodi (sehemu inayopokea elektroni) hukatika kabisa. Pikapu (vinasa mitetemo ya nyuzi za gitaa) zenye nguvu, nyuzi zote sita zikikung'utwa kwa pamoja, zinaweza kuukaribia mpaka huo, lakini anayeumia zaidi ni hatua ya pili, ambayo hupokea wimbi lililokwisha kukuzwa mara 50 au zaidi, isipokuwa kitufe cha sauti kilicho kati ya hatua hizo mbili kiwe kimeteremshwa. Ndiyo maana napendelea kujaribu kwanza 12AY7, ambayo huingia katika soketi ileile na ukuzaji wake haufiki nusu ya ule wa 12AX7. Kampuni ya Fender waliitumia katika amplifaya zao kadhaa za miaka ya 1950.

Hatua ya mwisho ina tabia yake. Twin Reverb ya Fender, yenye valvu nne za nguvu za 6L6 na mrejesho hasi (sehemu ya wimbi la mwisho hurudishwa nyuma ili kupunguza upotoshaji), hubaki safi kwa muda mrefu na kisha hupasuka ghafla, ilhali Vox AC30, isiyo na mrejesho huo, hukolea kidogo kidogo, jambo ambalo masikio yangu huliona tamu zaidi. Ikiwa sauti inapasuka hata kitufe kikuu cha sauti kikiwa chini, tatizo liko kwenye hatua za mwanzo, na wati za ziada hazitasaidia kitu. Ikiwa inapasuka kikiwa juu tu, punguza besi kabla ya kununua chochote, kwa sababu noti nzito ndizo zinazokula sehemu kubwa ya nguvu.