Kambale wa Amazon kwenye mchanga wa Matema

Jamani huyu kambale mi nampenda kupita samaki wote niliowahi kufuga. Kitaalamu anaitwa Pseudohemiodon apithanos, kwao ni Amazon ya juu huko Ekuado, jina hilo kapewa 1978, na si samaki wa kumkuta kila duka, wangu alitoka Dar kwenye mfuko wa oksijeni akasafiri na basi usiku mzima mpaka Mbeya. Ni bapa, mwili una vibamba vigumu, mkia unachongoka unaishia na uzi kama mjeledi, afu anabadilika rangi, asubuhi unamkuta kapauka jioni kawa mweusi!

Ila mchanga. Mwezi wa kwanza nilimweka kwenye kokoto za rangi nikaona ndevu zinakwanguka ncha. Si tunasema kambale mkubwa ndevu mdogo ndevu, sasa huyu ndevu ndo anapapasia msosi gizani, zikiisha anakaa njaa. Niliumia sana. Wikiendi ileile nikashuka Matema ufukweni Ziwa Nyasa nikarudi na kiroba cha mchanga, nikauchekecha kwa chekeche la unga nikabakiza ule laini, nikaudondoshea siki maana ukitoa povu una chokaa na hiyo inabadilisha maji, wangu haukutoa, nikauosha ndoo kama kumi mpaka maji yakatoka safi. Nilivyomrudisha tu akajitikisa akazama, yakabaki macho mawili juu. Nilikaa pale nusu saa namwangalia.

Chakula ni minyoo ya bustanini nakatakata na vipande vya kamba, nikishazima taa.

Baridi nayo ni shughuli, yeye anataka digrii 26 hivi na huku Uyole Julai usiku inashuka mpaka 6 au 7, umeme ukikatika hita imekufa, so nafunga tangi na blanketi, naelesha chupa za maji ya moto, pampu ya hewa nachomeka pawabenki. Julai iliyopita masaa matano bila umeme maji yalishuka mpaka 23 tu.

Ndevu zimeota tena. Sa hivi namtafutia mwenzake, maana dume lao linabeba mayai lenyewe, yananing'inia mdomoni mpaka yaanguliwe, na hilo nataka nilione kwa macho yangu. Mwenye naye Iringa au Njombe aniandikie, mchanga nitampa bure.