Nani Alikosea?

Wakili alimsikiliza mjomba mpaka mwisho bila kumkatiza. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, karibu na mahakama ya Malindi, feni ikipuliza makaratasi kila ikigeuka. Kisha akauliza: "Sawa, mzee wangu. Nani alikosea?"

Mjomba akanitazama mimi.

Mwaka huo, 2021, alichanjwa korona. Kiasi cha majuma mawili baadaye nyayo zikaingia ganzi, halafu miguu ikakataa kumbeba. Mombasa walimtoa maji ya uti wa mgongo wakayapima, wakasema ni Guillain-Barré: kinga ya mwili humgeukia mwenyewe ikashambulia mishipa ya fahamu. Mara nyingi hufuatia kuhara au mafua, na kwa nadra sana baadhi ya chanjo za korona. Wengi hupona. Mjomba alipona nusu. Alitembea kwa mkongojo, lakini baharini hakurudi.

"Muuguzi hakukosea," akasema. "Ni binti wa jirani yetu. Alinidunga vizuri."

"Basi kortini hatuna kesi."

Akatueleza kwamba kesi ya namna hii husimama juu ya uzembe: dawa iliyoharibika, kipimo kilichozidi, onyo lililopuuzwa. Tena ukitaka kuishtaki serikali una miezi 12 tu, na yetu mingi ilikwisha hospitalini. Angeweza kuchukua pesa za kufungua faili akatuacha tungoje. Hakuchukua hata ya chai.

Badala yake alitutajia mfuko wa fidia wa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona. Mfuko huo uliwekwa kwa nchi 92, Kenya ikiwemo, kwa waliodhurika vibaya na chanjo zilizoletwa kwa mpango huo. Huko hawaulizi nani alikosea, wanauliza kama ni chanjo kweli. Kuomba ni bure, wakili si lazima. Ila ukipokea malipo, unaacha haki ya kushtaki.

Mjomba akacheka, mara ya kwanza siku nyingi. "Haki ya kumshtaki nani, na umesema hakuna aliyekosea?"

Nikasoma fomu ya Kiingereza nikimtafsiria kipengele baada ya kipengele. Malipo hupigwa hesabu kwa pato la nchi kwa kila mtu, mara 12, kisha asilimia ya ulemavu. Ushahidi wa maradhi sharti ujazwe na mhudumu wa afya aliyesajiliwa, kwa hiyo tukarudi kwa daktari Mombasa. Jina la ugonjwa aliliandika upesi. Kwenye chanzo alikaa sana, akaandika kwamba yaelekea ni chanjo, zaidi ya hapo hawezi kuapa. Nilikasirika. Mjomba hakukasirika, yeye alikuwa na neno na asilimia.

"Asilimia ya nini, daktari? Ya miguu, ama ya mvuvi?"

Daktari akamwuliza dau hupandwaje mtu akiwa majini. Mjomba akaegemeza mkongojo ukutani, akaanza kumweleza.