Kikomo cha bei ya umeme Uingereza hakizuii bili kupanda

Bili ya umeme na gesi huku Uingereza inaudhi, na kinachoudhi zaidi ni tangazo la redioni kama lile la 2025 kwamba "kikomo ni pauni 1,720 kwa mwaka". Wenzetu wanaofika wakisikia hivyo wanaacha hita ikiwaka usiku kucha, wakidhani kiasi hicho kikifika mita inanyamaza. Hainyamazi. Ukitumia wa 3,000 utalipa 3,000.

Kudhani hivyo si ujinga. Kikomo cha kutuma pesa kwa simu kikifika, muamala unakataliwa. Kikomo cha viza ya kazi ya H-1B Marekani ni nafasi 65,000, na 20,000 za ziada kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huko, zikijaa, basi. Lakini kikomo cha Ofgem, mdhibiti wa nishati, kilichoanza Januari 2019 na sasa hubadilishwa kila miezi 3, kinabana vitu viwili tu: bei ya uniti na ada ya kila siku. Unatumia uniti ngapi, shauri yako.

Tazama viwango vya wastani vya Julai hadi Septemba 2025 kwa wanaokatwa moja kwa moja benki. Umeme ulikuwa peni 25.73 kwa uniti, na ada peni 51.37 kwa siku. Gesi ilikuwa peni 6.33, na ada 29.82. Piga hesabu ya uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi, ongeza ada za siku 365, unapata ile 1,720. Ni makadirio ya nyumba ya kawaida, basi. Ukifunga mlango ukaenda Tanga mwezi mzima, ada zote mbili zinaendelea kuhesabiwa, kwa viwango hivyo pauni 24 na ushee bila kuwasha hata taa. Kwa sisi watu wa Luku, mita za kulipia kabla za Tanzania, hili linauma kweli. Mwenye mita ya kulipia kabla aache salio la kutosha, la sivyo atarudi akute limeliwa lote na deni juu.

Unayejiandaa kuja, kabla hujauliza kodi ya nyumba, uliza inapashwa joto kwa kitu gani. Hita ya umeme ya kilowati 2 ikiwaka saa 5 inakula uniti 10, yaani pauni 2.57 kwa siku kwa viwango hivyo vya 2025. Joto hilohilo kwa gesi, boila ikiwa nzima, ni kama peni 70.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha mita zote mbili zikionyesha namba, uzitume kwa kampuni siku hiyohiyo. Usipofanya hivyo wanakadiria, na matumizi ya aliyehama yanaweza kukuangukia. Mita ya gesi ikague vizuri zaidi: za zamani hupima kwa mamia ya futi za ujazo, mpya kwa mita za ujazo. Ya mita ikiandikwa kwenye mfumo kuwa ya futi, gesi inazidishwa mara 2.83, na bili inakaribia kuwa mara tatu. Wakikosea wao na kuchelewa kudai, hawaruhusiwi kukutoza matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma.

Na mwenye nyumba anayekuuzia umeme kupitia mita yake mwenyewe haruhusiwi kuongeza faida juu ya bei ya uniti anayotozwa yeye. Mwombe akuonyeshe bili.